Fungua Mpira Kabla ya Kuwasha

Swedi mwanangu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi hii hii nimekuona ukimaliza viazi vitamu vya watu wawili na bado ukaulizia chai. Nami sijambo, kama ulivyoniacha pale uani. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la karakana. Wewe na baba yako mmekwenda kuaga kwa shangazi zako, na kabla hamjarudi kwa Magharibi nataka niwe nimemaliza. Ningekwambia kwa mdomo ungecheka, halafu mimi ningekasirika, halafu baba yako angesema tunywe chai kwanza, na jambo lenyewe lingepita hivi hivi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Mambo mengine siyaandiki. Chandarua nimekitia begini mwenyewe. Kusali unajua. Kupiga simu utasahau, kwa hiyo nitapiga mimi. Kula hakujawahi kunipa wasiwasi juu yako tangu ulipoota meno. Wala sikuandikii uchungu wa safari, kwa sababu mji wetu huu watu wameanza kuondoka zamani. Babu yake bibi yako alibeba mizigo kichwani kwa miguu hadi pwani na akarudi. Wewe unapanda basi asubuhi na mchana uko Igunga. Tusijifanye unakwenda kuhiji.

Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema wiki iliyopita, uliporudi kutoka kufanya majaribio kwa Fundi Masanja. Tulikuwa tunakula. Ukatuhadithia karakana yake ilivyo kubwa, iko kando ya barabara ya lami, malori yanasimama mlangoni, milango na fremu zinatoka kila siku. Ukasema ana msumeno wa umeme kama wetu, ule wa kuvuta na kusukuma, ila wa kwake mpya. Nikafurahi. Kisha ukasema, “Ila kinga yake wameinyanyua wameifunga kwa mpira wa baiskeli. Bledi iko wazi muda wote. Na kazi inapigwa, mama, acha.”

Niliweka tonge chini. Baba yako akainamia sahani yake. Wewe ukatuangalia, ukacheka, ukasema, “Sasa mnataka nifanyeje? Siku ya kwanza tu niwaambie mama yangu kanikataza?” Nilitoka nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Basi jibu ni hili: ndiyo. Waambie mama yako kakukataza. Ila ukilisema hivyo tu, bila kujua sababu yake yote, hutalisimamia zaidi ya siku mbili. Kwa hiyo soma na haya mengine.

Habari ya mkono wa baba yako unaijua. Mtaa mzima unaijua, na unajua pia kwamba aliyefunga mpira siku ile ni mimi. Sijawahi kulificha hilo na sianzi leo. Lakini umelisikia kama linavyosemwa barazani, kwamba mashine ilimgeukia. Mashine haimgeukii mtu. Kuna vitu vilitangulia, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuwa kidogo, na kila kimoja tungeweza kukizuia. Hivyo vidogo ndivyo nataka uende navyo Igunga.

Wewe umekua ukiziona mbao za kaburini zimepangwa pale ukutani, ukadhani zimekuwepo siku zote. Hazikuwepo. Tangu enzi za babu yako desturi ya karakana hii ni kwamba Mwislamu akifariki mtaani, mbao za kumfunikia kwenye mwanandani zinatoka hapa, na hatupokei chochote. Habari inakuja asubuhi, mazishi Adhuhuri au Alasiri. Unaacha kitanda cha bwana harusi, unaacha mlango wa tajiri, unakata mbao. Vijana wanasimama mlangoni wanasubiri kuzibeba, na huku makaburini wenzao wameshachimba. Babu yako alizikata kwa msumeno wa mkono, na kwa sababu mkono una mwendo wake, hakuna aliyemharakisha. Sisi tukapata mashine, na watu wakapata pa kutuharakishia.

Siku hiyo alifariki mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ilikuwa masika. Wewe ulikuwa mgongoni kwa bibi yako, unalia meno. Mbao tulizokuwa nazo zilikuwa za msitu wa Sikonge, mbichi bado, zimeloa. Sasa mti mbichi unatoa utomvu, utomvu unashika vumbi la mbao, na vile viwili vikikaa pamoja kwenye bawaba ya kinga vinakuwa gundi. Kinga yetu ilikuwa imeanza kukwama wiki nyingi kabla. Ile kinga kazi yake unaijua: bledi ikishuka inajifungua yenyewe, ikipanda inajifunga. Yetu ilikuwa ikijifungua nusu inagoma. Baba yako akawa anaipiga kofi, inaachia, anaendelea. Kila jioni tunasema kesho tutaisafisha. Brashi ipo, mafuta ya taa yapo, na ni kazi ambayo inakwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Hatukuifanya.

Yule mzee alipofariki, kinga ikagoma kabisa. Vijana mlangoni wanasema, “Fundi, kaburi liko tayari.” Baba yako anaipiga kofi, haiendi. Mimi unanijua. Nikachukua kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli tuliokuwa tunafungia kuni, nikainyanyua ile kinga, nikaifunga juu, nikakaza kwa meno. Nikamwambia, “Haya, kata. Sasa na mstari unauona.” Nilijisifu, Swedi. Nilisimama pale mikono kiunoni nikaona nimewashinda mafundi wote wa Tabora.

Na kweli mbao zikaenda haraka. Hilo ndilo baya lake. Ingekuwa mpira ule unaleta balaa ubao wa kwanza, hakuna mtu angeufunga tena duniani. Lakini ubao wa kwanza unakatika vizuri, wa pili vizuri, na wewe unaanza kuona waliotengeneza kinga walikuwa waoga. Kule kwa Masanja wamefika hapo. Wamekata mbao nyingi vizuri.

Ubao wa mwisho ulikuwa mfupi na umepinda. Baba yako, fundi yule, ambaye ukimwamsha usingizini atakwambia ubao uliopinda unaulaza vipi, akaulaza kinyume. Upande wenye shimo ukaangalia ukuta wa chuma wa nyuma ya mashine, ubao ukaugusa kwa ncha zake mbili tu, katikati pakabaki uwazi wa kupitisha kidole. Angeugeuza, tumbo la ubao likagusa ukuta pale pale bledi inapopita, usingekuwa na pa kwenda. Na kwa kuwa ulikuwa mfupi, akaushika kwa mkono wa kushoto karibu na bledi, mkono umepita chini ya ule wa kulia. Na badala ya kuvuta kichwa cha mashine kikiwa juu, akishushe, ndipo asukume, alikishusha kwanza kisha akakivuta kuja kwake huku kinakata.

Mimi nilikuwa nimesimama kwa mbali nikiwaambia vijana tunamaliza. Nikasikia mashine imebadilika sauti. Ubao ulifunga njia ya bledi, ukaibana, ukaruka, na mkono ukavutwa na ubao. Kama kinga ingekuwa mahali pake, mkono ungekutana na plastiki. Ulikutana na bledi.

Vidole viwili unavijua. Au tuseme, hukuwahi kuvijua. Tangu siku hiyo baba yako hashiki patasi, maana patasi inashikwa kwa mkono huo.

Vijana wawili wakampakia kwenye pikipiki kwenda hospitali. Wengine wakabaki mlangoni, wanaangalia chini, wanaona haya kuuliza. Kaburi lilikuwa bado wazi na ubao mmoja ulikuwa unapungua. Nikachukua msumeno wa mkono wa babu yako, nikaukata huku nalia, nikawapa, wakaenda. Nilipokuwa naosha benchi ndipo nilipofikiria kwamba marehemu hakuwa na haraka yoyote. Angengoja hadi Alasiri, na angengoja hadi kesho yake asubuhi kama ingebidi. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Nimeishi na hilo, na leo nalitumia, kwa sababu lisipokufaa wewe litakuwa limenitesa bure.

Mashine ilikaa imefunikwa khanga miezi. Baba yako akikaa nje anatazama njia. Kazi zilikuja, tukazikataa, zikaacha kuja. Siku moja nikamwambia, “Nifundishe.” Akanitazama kwanza. Akasema, “Utaiweza?” Nikamwambia, “Sijui. Wewe nieleze, nikishindwa utaniona.”

Akavuta kigoda akakaa hapo ulipozoea kukaa wewe. Akaanza na plagi: nichomoe, niiweke mahali ninapoiona kwa macho. Kisha nisafishe ile kinga. Niliisafisha kwa brashi ya meno hadi ikawa inajifunga yenyewe kwa sauti ya kijiko kwenye sahani. Halafu akanifanya nikate hewa. Mashine imezimwa, hakuna ubao, mimi navuta kichwa kije kwangu kikiwa juu, nakishusha, nakisukuma kwenda nyuma, nakinyanyua. Vuta, shusha, sukuma. Siku nzima. Kesho yake tena. Nikamwambia, “Mume wangu, hewa imekwisha katika karakana hii.” Akasema, “Rudia.” Wewe ulinifanyia vituko hivyo hivyo nilipokufundisha, na nikakujibu neno hilo hilo.

Siku ya kuichomeka niliogopa. Naandika kama ilivyokuwa, kwa sababu wewe umenijua nikiwa nimeshazoea na huenda ukadhani mama yako alizaliwa na mashine mkononi. Nikaubana ubao kwa kibano, nikauweka mkono wangu shubiri nzima mbali na mstari, nikaiwasha, nikangoja bledi ishike kasi yake yote kabla haijagusa kitu, nikasukuma. Nikaachia swichi bledi ikiwa bado chini, nikangoja isimame kabisa ndipo nikanyanyua. Baba yako akasema tu, “Umefumba macho.” Ilikuwa kweli. Nikakata wa pili nikiwa nimeyafumbua.

Hofu ile sikuitoa, Swedi, na wala sitaki wewe uitoe ya kwako. Niliipunguza ikawa ya kiasi cha kunifanya nikague kibano. Mtu akikwambia umezoea sasa, huhitaji tena mambo hayo, jua huyo anakusifu kwa kitu ambacho kitakukata.

Ya usahihi nayo yalinitoa jasho, ingawa hayakutoa damu. Fremu yangu ya kwanza ya dirisha ilikuwa ya mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Goweko. Pembe zote nne nilizikata kwa kufuata alama za kwenye mashine, nikaamini kwa sababu zimeandikwa kwa chuma. Nikaunga kona ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Nilipofika ya nne haifungi, pana mdomo wazi. Nikachanganya gundi na vumbi la mninga nikajaza, nikapiga msasa, nikaona hakuna atakayejua. Baba yako akaja, akapitisha ukucha wa mkono mzima pale kwenye kona. “Hiki nini?” Nikamwambia ni kona. Akasema, “Hapa umepika uji.” Nikaitupa fremu ile uani, tukaipikia maharage siku ya pili, na yule bwana wa Goweko akangojea nyingine.

Makosa yangu yalikuwa kila pembe imekosewa kidogo kabisa, kiasi ambacho jicho halioni, na kona ya nne ikapokea makosa ya wenzake wote. Ndipo aliponionyesha lile jambo unalolijua: kata ubao katikati, geuza kipande kimoja juu chini, kisha vikutanishe tena ukingo kwa ukingo kwenye ukuta wa nyuma. Mashine ikiwa imenyooka, vinashikana na huoni mwanga. Ikiwa imekosea, uwazi unajitokeza mara mbili ya kosa lenyewe, na hapo hata mwenye macho mabovu anaona. Alama za kiwandani zilikuwa sawa siku mashine ilipotoka kiwandani. Ya Masanja imebebwa kwenye lori, imeangushwa, imegongwa na magogo. Ipime kila asubuhi. Na ukichora mstari, kata upande wa takataka, usikate juu ya mstari, maana bledi nayo ina unene wake na itakula kipimo chako. Haya unayajua kuliko ninavyoyaandika. Nayaandika kwa sababu ukiwa huko utaona watu hawayafanyi na utaanza kujiuliza kama ni lazima.

Sasa nikwambie habari ya zile mbao ukutani, kwa sababu ndiyo sababu ya ukaidi wangu wote.

Nilipoweza mashine, nikaamua kwamba karakana hii haitakata tena mbao za kaburini mtu akiwa amesimama mlangoni. Nikazikata siku za kawaida, asubuhi, tumbo limeshiba, mbao zimekauka, nikazipanga pale, seti baada ya seti. Watu walivyoona wakaniandama. Mwanamke gani huyu anaweka mbao za kaburi kama anangojea wateja? Wakasema nawachuria, nawaitia msiba. Wengine wakawa wakipita hapa wanahamia upande wa pili wa njia. Na mkubwa wao alikuwa bibi yako, humu humu ndani. “Mkamwana,” akaniambia, “umeshindwa kusubiri nife? Uchuro huu unauweka nyumbani kwangu?” Aligoma kula chakula changu siku nzima. Jioni akala, lakini aliniambia hakina chumvi.

Sikuziondoa. Nilisutwa, nikanuniwa, sikuziondoa. Nilikuwa nikimtazama baba yako anavyofunga kifungo cha shati kwa mkono ule, na maneno ya watu yote yalikuwa mepesi. Ikapita miaka, watu wakafariki kama wanavyofariki siku zote, si zaidi. Vijana wanakuja, wanabeba mbao, wanakwenda, na hakuna mtu anayekimbia. Wakazoea. Siku hizi wakiona seti zimepungua wananikumbusha wenyewe.

Na bibi yako unakumbuka. Mwaka ule wa mwisho wake alikuja hapa na bakora yake, wewe ukiwa kwenye mashine, akazikagua zile mbao moja moja kama anachagua khanga. Akakwambia, “Hii ina fundo, hii mpe mwingine. Mimi nikatie nyingine, na uikate vizuri, usiniletee fujo za mama yako.” Ukamcheka, ukamkatia. Nilikuwa mlangoni nikakuona. Uliugeuza ubao tumbo likaelekea ukutani. Ukaubana. Ukavuta, ukashusha, ukasukuma, ukangoja bledi isimame. Ukampa, akaupitisha kiganja, akasema, “Haya,” akaenda kulala.

Alipofariki, alfajiri ile, wewe ndiye uliyezitoa mbao zake ukutani. Sisi sote tulikuwa tunalia, baba yako hata kusimama hawezi, na mkono wako ulikuwa unatetemeka hivi kwamba nilizishika upande wa pili. Nikafikiria: mkono huu ungekuwa unakata sasa hivi. Saa hii, katika hali hii, watu wamejaa mlangoni. Nilimlilia mama mkwe wangu siku ile, na katikati ya kilio nilishukuru, na hilo sikumwambia mtu.

Kwa hiyo usinione nakutia woga wa kike. Hilo la kinga nimelitolea jasho.

Ukifika Igunga fanya hivi. Mpe Fundi Masanja shikamoo yako, uwaamkie wenzako, ukimkuta mkubwa mwamkie kwa Kisukuma, mwangaluka, hata kama ulimi wako wa mjini unajikwaa. Usiseme neno baya juu ya mashine yake mbele ya vijana wake. Mwombe tu kwamba kabla ya kazi akuache uisafishe. Sijawahi kuona fundi aliyemkataa mtu wa kumsafishia mashine. Chomoa plagi, uiweke unapoiona. Fungua ule mpira. Sugua utomvu wote kwenye bawaba, piga brashi, futa, kinga icheze yenyewe juu na chini hadi isikie raha. Hapo mwonyeshe. Watu wengi wanaifunga kwa sababu imewachosha, na imewachosha kwa sababu ni chafu. Akisema inamziba asione mstari, mwambie asogeze kichwa chake, asisogeze kinga. Hapana, usimwambie hivyo. Hivyo ndivyo ningemwambia mimi. Wewe mwambie utachora mstari hadi juu ya ubao na utaushusha msumeno ukiwa umezimwa kwanza, uone bledi inapogusa, ndipo uwashe. Kisha ukate, kona zako zifungane, na uache kona ziseme.

Umeme ukikatika, na huko nao unakatika kama hapa, achia swichi saa hiyo hiyo na uchomoe. Usiende kupiga soga mashine ikiwa inangojea umeme urudi.

Watakucheka. Hilo nakuahidi. Watasema huyu kafundishwa useremala na mama yake. Waambie ndiyo, na baba yangu alikuwa kwenye kigoda. Kicheko hakiondoi ngozi. Ukitoka kula ukakuta wameifunga tena, ifungue tena, bila hotuba. Wakiifunga mara ya tatu, fungua mara ya tatu. Wewe ni mtoto wangu, ukaidi unao, nimekuona na mambo ya kipuuzi zaidi ya hili.

Na Fundi Masanja mwenyewe akikwambia hapa ni kwangu, ama unakata na mpira ama uondoke, chukua begi lako. Panda basi la kwanza. Usikae hata siku moja ya kujaribu, usiseme nitavumilia hadi nizoee, kwa sababu kuzoea ndiko ninakokuogopa. Najua ulivyoitaka kazi hii. Najua umeshawaambia marafiki zako wote na umenyoa na nywele. Rudi vivyo hivyo. Mlango huu tumeutengeneza wenyewe na unafunguka. Atakayekucheka hapa ataanza na mimi, na watu wa mtaa huu wananijua.

Baba yako nimemwambia asubuhi kwamba nakuandikia. Nikamuuliza kama ana neno. Akaukunja mkono wake ule na kuukunjua, akasema, “Mwambie nataka aje siku moja anifundishe kushika patasi kwa kulia na kugonga kwa kushoto. Wenye vidole vyote ndio wanaojua kufundisha.” Kisha akaenda kutafuta viatu vyake. Basi nimekufikishia.

Nakupenda, Swedi. Nimekuzaa na vidole kumi, nilivihesabu pale pale kabla hata sijaangalia uso wako unafanana na nani. Navitaka vyote vinirudie kila Idi, na vikishika watoto wako nivione vikiwashika.

Nawasikia njiani, baba yako anasalimiana na kila mtu kama kawaida yake. Nakunja.

Barua hii nimeifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, umekiona. Ni kile kile. Nilikikata kwenye mashine siku ile ile ya ajali, nilipokuwa naosha benchi, nikakitia kwenye kopo la misumari, na miaka yote hii sijakitumia kufungia kitu. Kimezeeka, kimekauka, na nadhani ulipokivuta ili usome kimekukatikia mkononi. Usitafute kingine.

Mama yako